Maji ya Kiambere Kati ya Hatua Mbili

Bwawa la Kiambere ni la mwisho. Mto Tana ukishatoka Masinga hupita Kamburu, Gitaru na Kindaruma, kisha hutulia Kiambere, upande mmoja Mbeere katika kaunti ya Embu, upande wa pili Kitui. Kituo cha umeme cha hapo kilizinduliwa mwaka 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 144; mwaka 2009 mitambo yake miwili iliboreshwa na uwezo ukapanda hadi megawati 168. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyomo hukaribia mita za ujazo milioni 585. Baada ya hapo mto haukutani na bwawa jingine kubwa. Kinachofurika Kiambere kinakwenda Garissa, Hola na Garsen, hadi baharini karibu na Kipini.

Ndiyo maana kila masika yenye mvua kubwa, kama ya 2018 na ya 2024, swali ni lile lile: maji yatafika lini kwenye alama ya kujaa? Kutaja siku peke yake hakutoshi. Familia inayolima ukingoni mwa mto inahitaji saa za kuhamisha mbuzi, magunia na wazee. Dereva anayetoka Nairobi kwenda Garissa anahitaji kujua kama barabara ya Madogo itapitika atakapofika, maana eneo hilo limewahi kufunikwa na maji zaidi ya mara moja.

Jibu la swali hilo hutoka kwenye hesabu, na ndani ya hesabu hiyo kuna kona ambayo hata wanaoitumia kila siku huipita bila kuitazama. Kompyuta haihesabu kimo cha maji kwa kila dakika. Hupiga hatua. Hujua kimo mwanzoni mwa hatua na kimo mwishoni mwake. Kilichotokea katikati lazima kijazwe, na namna ya kukijaza inaweza kuisogeza saa ya onyo mbele au nyuma kwa muda ambao mtu wa mtoni ataulipia.

Mlinganyo wenyewe hauna mafumbo. Kasi ya kubadilika kwa maji bwawani ni sawa na maji yanayoingia ukitoa yanayotoka. Ugumu ni kwamba yanayotoka hutegemea kimo: maji yakipita alama ya kufurikia, kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyomwagika kwa nguvu zaidi. Kimo kinategemea mtiririko, na mtiririko unategemea kimo. Huwezi kujumlisha tu safu ya tarakimu ukapata jibu. Milinganyo ya namna hii, inayotaja kasi ya mabadiliko badala ya kitu chenyewe, hutatuliwa kwa kukadiria. Leonhard Euler alieleza njia ya kwanza ya hatua kwa hatua mwaka 1768: tazama mteremko wa sasa, ufuate kwa muda mfupi, simama, tazama tena. Wajerumani watatu waliiboresha: Carl Runge mwaka 1895, Karl Heun mwaka 1900, na Wilhelm Kutta mwaka 1901. Wao walionyesha kwamba ukipima mteremko mara kadhaa ndani ya hatua moja na kuchanganya vipimo hivyo kwa uzani unaofaa, kosa hupungua kwa kiasi kikubwa.

Programu za leo zinaongeza jambo moja: zinajichagulia urefu wa hatua. Katika kiangazi, maji ya Kiambere yakishuka polepole kwa kuzungusha mitambo, programu inaweza kuruka siku nzima kwa hatua moja bila kukosea. Mafuriko yakiingia, hatua hufupika hadi saa au dakika. Huu ni ufanisi mkubwa, lakini una matokeo yake. Nukta zinazotoka hazina utaratibu wa saa. Moja itaangukia saa nane na dakika kumi na saba usiku, inayofuata saa nne kasorobo asubuhi. Mhandisi anayetaka kimo cha saa kumi na mbili alfajiri hana nukta yake.

Anaweza kuilazimisha programu isimame kila saa. Hapo atakuwa ameinyang'anya uhuru wa kuchagua hatua, na hesabu ya msimu mzima itapoteza muda kwa ajili ya jedwali tu. Njia ya pili ndiyo inayotumika sana, na ndiyo ya hatari: kuunganisha nukta mbili kwa rula.

Chukua mfano wa tarakimu. Bwawa la Kiambere likijaa, eneo la uso wake ni takriban kilomita za mraba 25. Hii ina maana kwamba ziada ya mita za ujazo 100 kwa sekunde, yaani yanayoingia yakizidi yanayotoka kwa kiasi hicho, huinua maji kwa takriban sentimita moja na nusu kwa saa. Sasa tuseme programu imepiga hatua ya saa 12. Mwanzoni kimo ni mita 699.50, mwishoni ni mita 700.70. Rula inasema maji yatavuka alama ya 700 baada ya saa 5 kamili.

Lakini programu inajua zaidi ya vimo hivyo viwili. Inajua pia kasi ya kupanda katika kila ncha, kwa sababu mlinganyo wenyewe ndio unaoitaja. Tuseme mwanzoni maji yalikuwa yakipanda sentimita 4 kwa saa na mwishoni sentimita 16, kama inavyokuwa mafuriko yanapozidi kuingia. Mkunjo unaopita kwenye nukta zote mbili na kuziheshimu kasi zote mbili unavuka alama ya 700 baada ya saa 6 na dakika 46. Geuza kasi hizo: mwanzo sentimita 16, mwisho sentimita 4, yaani kilele cha mafuriko kimeshapita na mtiririko unapungua. Nukta ni zile zile, rula inasema saa 5 vile vile, ila mkunjo sasa unavuka baada ya saa 3 na dakika 31 tu.

Katika hali ya pili, aliyetumia rula amechelewa kwa takriban saa moja na nusu kutoa onyo, na hakuna tarakimu hata moja kwenye jedwali lake iliyo na kosa.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hili, na pengine ndiyo inayowafaa zaidi watu wa maji. Mstari ulionyooka una kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa hatua. Katika mfano wa kwanza, kasi hiyo ya wastani, sentimita 10 kwa saa, ni sawa na ziada ya mita za ujazo 694 kwa sekunde. Mlinganyo unasema mwanzoni ziada ilikuwa 278 tu na mwishoni 1,111. Kwa hiyo mchoro wa rula umeleta mwanzoni mita za ujazo 417 kwa sekunde ambazo mto haukuzileta, na mwishoni umeficha kiasi hicho hicho. Kisha kwenye nukta, hatua mpya inapoanza, mtiririko unaruka ghafla kana kwamba kuna lango lililofunguliwa. Hakuna mvua inayofanya hivyo. Ulaini wa mkunjo, basi, si urembo wa grafu. Kimo kisichokuwa na kona kinamaanisha mtiririko usioruka, na hiyo ni kanuni ya mto kabla ya kuwa kanuni ya hesabu.

Mkunjo unaotumia vimo viwili na kasi mbili huitwa kwa jina la Mfaransa Charles Hermite, mwanahisabati wa karne ya 19. Ni polinomia ya daraja la tatu, na kwa hatua fupi au njia za kutatua zenye usahihi wa wastani unatosha kabisa. Przemysław Bogacki na Lawrence Shampine walipotoa mwaka 1989 jozi yao ya njia zenye usahihi wa daraja la tatu na la pili, mkunjo wa Hermite ulitosha kujaza kati bila kupima mteremko wowote zaidi.

Tatizo linaanza pale njia ya kutatua inapokuwa bora kuliko mkunjo. Historia yenyewe inaeleza sababu. Familia ya kwanza ya njia, ile ya John Couch Adams iliyochapishwa na Francis Bashforth mwaka 1883, ilijengwa juu ya polinomia tangu mwanzo: hutazama nukta kadhaa zilizopita, hupitisha mkunjo, na kusonga mbele nao. Kujaza kati kwao ni kurudi tu kwenye mkunjo ambao tayari upo. Familia ya Runge na Kutta haina mkunjo wowote ndani yake. Inapima mteremko hapa na pale, inachanganya, na inatoa nukta ya mwisho wa hatua. Kwa zaidi ya miaka 80 wengi waliridhika na nukta hiyo. Erwin Fehlberg, alipotoa mwaka 1969 jozi zake maarufu zinazokadiria kosa lao zenyewe, shabaha yake ilikuwa kufika mwisho wa hatua kwa usahihi. Zilipokuja njia za kupiga hatua ndefu zaidi kwa usahihi ule ule, tatizo la katikati likazidi: nukta zilikuwa chache na sahihi sana, na nafasi kati yao ikawa pana na tupu.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyolishughulikia kwa dhati. John Dormand na Peter Prince walichapisha mwaka 1980 jozi ya daraja la tano inayopima mteremko mara saba, ambapo kipimo cha saba ndicho kipimo cha kwanza cha hatua inayofuata. Shampine alionyesha mwaka 1986 kwamba kutokana na vipimo hivyo saba, ambavyo tayari vimelipiwa, unaweza kuunda mkunjo wa daraja la nne katika hatua yote bila kuuliza mlinganyo swali jingine lolote. Mwaka huo huo Wayne Enright na wenzake walitoa utaratibu wa jumla wa kuunda mikunjo ya namna hiyo. Leo vitu hivi vimo kwenye kompyuta ya kila mwanafunzi wa uhandisi. Chombo cha ode45 cha programu ya MATLAB kinatumia jozi ya Dormand na Prince, na kwa kawaida hutoa nukta nne kwa kila hatua badala ya moja, kwa sababu bila hivyo grafu ingetoka na kona zisizokuwepo kwenye jibu. Katika programu huria ya SciPy, chombo cha solve_ivp kinaweza kukabidhi mkunjo mzima ili mtumiaji aulize kimo cha saa yoyote aitakayo.

Unafuu huo una kikomo. Njia ya daraja la nane iliyoandikwa na Ernst Hairer na Gerhard Wanner, iitwayo DOP853, inahitaji vipimo vitatu zaidi vya mteremko katika kila hatua ili mkunjo wake ufike daraja la saba. Anayetaka hatua ndefu na katikati sahihi atalipa, na ni haki alipe. Kosa baya zaidi ni la yule anayechukua nukta za daraja la nane na kuzipeleka kwenye programu ya jedwali ichore mkunjo mzuri kwa njia yake yenyewe. Mkunjo huo utakuwa laini kuliko wote, nao haujawahi kuuona mlinganyo.

Hapo ndipo suala zima linaposimama. Kati ya nukta mbili kuna habari, na mwenye habari hiyo ni mlinganyo. Mkunjo uliojengwa kwa miteremko ya mlinganyo unaweza kupimwa: chukua kasi ya mkunjo mahali popote, linganisha na kasi ambayo mlinganyo unadai mahali hapo, tofauti ndiyo baki. Enright ametetea kwa miaka mingi wazo kwamba programu idhibiti baki hilo badala ya kosa la nukta pekee. Kwa bwawa, wazo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu baki lina kipimo kinachoeleweka bila kusomea hisabati ya juu: ni mita za ujazo kwa sekunde za maji yaliyozuliwa au kupotezwa na hesabu. Meneja wa bwawa anayeambiwa kwamba kosa ni sehemu moja kwa milioni hana la kufanya na taarifa hiyo. Akiambiwa kwamba katika saa yoyote ya utabiri hesabu haikuongeza wala kupunguza zaidi ya mita 2 za ujazo kwa sekunde, anaweza kuipima mara moja dhidi ya mto anaoufahamu.

Kutafuta saa ya kuvuka alama ndiko kunakofaidika zaidi. Programu inaangalia kama kimo kilikuwa chini ya 700 mwanzoni mwa hatua na juu yake mwishoni. Ikiwa ndivyo, inaukata mkunjo vipande vidogo vidogo hadi ipate dakika yenyewe. Kazi hiyo haigusi mlinganyo tena, kwa hiyo ni rahisi mno. Ila ina tundu moja ambalo kila anayeitumia anapaswa kulijua: kama maji yamepanda juu ya alama na kushuka tena ndani ya hatua ile ile, ncha zote mbili ziko chini na programu haishuku lolote. Dawa ni kuweka kikomo cha urefu wa hatua wakati wa mvua, hata kama programu ingependa kuruka zaidi.

Na alama yenyewe ni mahali pagumu. Chini yake maji yanatoka kwa mitambo tu. Juu yake yanaanza kumwagika, na kiasi cha kumwagika juu ya ukingo ulio wazi hukua kwa kimo cha ziada kilichopandishwa kwenye kipeo cha moja na nusu. Pale panapoanzia, mlinganyo una kona iliyojificha. Mkunjo mmoja laini ukipita juu ya kona hiyo unapoteza daraja lake la usahihi bila kuonyesha dalili kwenye grafu. Programu iliyoandikwa vizuri husimama kwenye alama, huanza upya kwa mlinganyo wa upande wa pili, na kukubali kwamba mikunjo miwili inakutana hapo. Kulazimisha ulaini mahali ambapo bwawa lenyewe lina kona ni kosa sawa na kuweka kona mahali ambapo mto ni laini.

Kosa hilo la kulainisha kupita kiasi huonekana zaidi kwenye data zinazoingia. Vipimo vya mto huja kwa nukta, mahali pengine mara moja au mbili tu kwa siku, pale msomaji anapofika ukingoni kusoma fito. Ukipitisha mkunjo laini wa kawaida kwenye vipimo vya kiangazi kilichoingiliwa na mvua moja kubwa, mkunjo utapanda na kisha kuzama chini ya sifuri kabla ya kutulia: mto unaorudi mlimani. Hiroshi Akima alitoa mwaka 1970 mkunjo usioyumba hivyo, na mwaka 1980 Frederick Fritsch na Ralph Carlson wakaeleza masharti ya mkunjo unaopanda pale tu data zinapopanda. Mikunjo hiyo ina ulaini mdogo zaidi, na kwa mito ndiyo inayofaa. Programu ya kutatua nayo iambiwe isimame kwenye kila kipimo, kwa maana hapo mtiririko ulioingizwa una kona iliyojificha.

Ukame una hesabu yake pia. Juni 2009 kituo cha Masinga kilisimamishwa kwa sababu maji yalikuwa yameshuka mno. Kushuka namna hiyo ni kwa polepole, hatua za programu ni ndefu, na kosa la kujaza kati hupimwa kwa siku. Anayepanga mgao wa umeme wa nchi hawezi kuzipuuza siku hizo.

Ukiyaunganisha mabwawa matano, hesabu inabadilika sura. Kindaruma ni dogo, takriban mita za ujazo milioni 16. Upungufu wa mita za ujazo 100 kwa sekunde ungelimaliza kwa saa 44 hivi. Kiambere ingechukua siku 68, na Masinga, yenye milioni 1,560, siku 180. Vyombo vinavyosogea kwa kasi zinazotofautiana hivyo, mara takriban mia moja kati ya Kindaruma na Masinga, husukuma wahandisi kuelekea njia za milinganyo migumu, zile ambazo William Gear alizieneza mwaka 1971. Njia za Gear hubeba polinomia yao mkononi, kama za Adams, kwa hiyo kujaza kati ni rahisi. Njia nyingine ya jamii hiyo, Radau ya daraja la tano, ina tahadhari yake: mwisho wa hatua ni wa daraja la tano, ila mkunjo wake wa katikati ni wa daraja la tatu tu. Anayesoma saa ya kuvuka alama kwenye mkunjo huo asidhani amepata usahihi wa nukta.

Jambo la mwisho ni ucheleweshaji. Maji yanayotoka bwawa la juu hayafiki la chini papo hapo, na yanayotoka Kiambere husafiri njia ndefu kabla ya kufika Garissa. Mlinganyo wa bwawa la chini kwa hiyo unauliza: bwawa la juu lilikuwa likitoa kiasi gani saa kadhaa zilizopita? Saa hiyo karibu kila mara huangukia kati ya hatua mbili za zamani. Hapa mkunjo si kitu cha kuchorea tena, umekuwa sehemu ya hesabu, na kosa lake la leo ni maji ya bandia kwenye bwawa la kesho. Chombo cha dde23, kilichoandikwa na Shampine na Skip Thompson na kuchapishwa mwaka 2001, kimejengwa juu ya hoja hiyo hasa.

Na Garissa haipokei maji ya Kiambere peke yake. Mito ya Mutonga na Kathita, inayoteremka kutoka Mlima Kenya kupitia nchi ya Meru na Tharaka, huingia Tana chini ya Kiambere, bila bwawa kubwa la kuipunguza kasi. Mvua moja juu ya mlima hutuma kilele kimoja kupitia mabwawa na kingine kupitia Mutonga, kila kimoja na ucheleweshaji wake. Utabiri unaotaka kujua kama vilele hivyo vitakutana au vitapishana unahitaji mikunjo miwili iliyotoka kwenye milinganyo yake, na kila mkunjo uandikiwe baki lake katika mita za ujazo kwa sekunde, kwenye ukurasa ule ule unaopelekwa kwa kamishna wa kaunti.